Kituo cha Juu Hakina Namba

Makao makuu, chumba cha takwimu
4 Februari

Baba Kitufe,

Sisi ni wazima. Mama yako ni mzima na analalamika, kwa hiyo jua ni mzima kweli. Mtoto ni mzima na maneno yamezidi umri wake. Nimeanza na hayo ili usije ukasema mkeo siku hizi anakuandikia kazi tu kama anamwandikia karani.

Sasa nije kwenye kazi. Kituo chako hakipo.

Unajua nimepewa jukumu la kuunganisha vipimo vyote vya mto, vituo vyote, tangu vilipofunguliwa. Aliyekaa kiti hiki kabla yangu alikuwa anafungua faili moja moja, anakopi, anabandika, mpaka macho yanamwiva. Mimi nikaandika skripti. Ni maagizo mafupi ambayo kompyuta inayasoma kutoka juu hadi chini na kuyafuata: chukua faili la kituo, chukua orodha ya vituo, yaoanishe kwa namba ya kituo, kisha panga kila kitu kwa tarehe. Kazi ya miezi inakwisha kabla chai haijapoa. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilipita mbele ya meza ya Mkuu mara mbili bila sababu.

Jana nikafungua jedwali lililotoka. Vituo vyote vimejaa namba. Safu ya K17 ni tupu. K17, Kituo cha Juu, haina hata kipimo kimoja, tangu siku uliyofika huko mpaka leo.

Nikafungua faili lako kwa macho yangu. Tarehe ipo, kina cha maji kipo, K17 imekaa mwisho wa kila mstari, imetulia. Lakini kompyuta inaapa haijawahi kuiona K17. Niambie unaandikaje huko. Niambie yote, hata lile unaloliona dogo. Jedwali hili linakwenda kwa wahandisi tarehe 25 Machi, ndilo watakalotumia kupanga kimo cha daraja jipya la hapa kwetu, na siwezi kuwapa mto usio na kichwa.

Kila asubuhi mimi na mtoto tunavuka lile daraja bovu kwenda chekechea. Anasimama katikati, anachungulia maji, ananiuliza kama haya ni ya baba. Namwambia ndiyo, baba ameshayapima, yaache yapite. Halafu nakuwaza mpaka nafika ofisini. Wewe umeyaona juzi na mimi nayaona leo, na hakuna kitu kingine tunachokiona sote wawili.

Mkeo,
Mama Kitufe

*

Kituo cha Juu
7 Februari

Mama Kitufe, mke wangu,

Umeniambia sipo. Nimejigusa mashavu, nimejipapasa mbavu, nimemwita paka akaitika. Naona nipo, ila nimepungua kidogo.

Nikujibu kama ulivyouliza. Asubuhi nateremka ngazi mpaka kwenye ubao wa kipimo, nasoma maji yamefika wapi, napanda. Jioni hivyo hivyo. Kompyuta yenyewe unaijua, ni ile kongwe niliyoikuta hapa, inayopiga kelele kama inasaga kokoto. Nafungua ile programu ya maandishi matupu, naandika tarehe, kina, na K17, nashuka mstari. Kila mwezi una faili lake. Mwezi ukiisha naliweka kwenye flashi, flashi kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwa Dereva wa lori la ofisi. Sijaruka hata siku moja. Nilipokuwa na homa niliteremka nimeshika ukuta. Mtu akiniambia safu yangu ni tupu, naomba aje ateremke hizi ngazi mwenyewe.

Umesema niseme hata lile dogo. Nikimaliza mstari wa mwisho wa mwezi sibonyezi kitu tena. Naacha pale pale. Kushuka halafu usiandike chochote naona kama kuacha mlango wazi na watu wamelala. Usinicheke. Mtu akikaa peke yake muda mrefu anajitungia sheria zake.

Kwenye redio ya mawasiliano, ambayo vituo vyote tunaisikiliza pamoja, nimesikia ukisema mama anaumwa mguu. Ulipomaliza, vituo vyote kumi na tisa vilimpa pole mama, kimoja baada ya kingine, na mimi mwanawe nikawa wa mwisho kwenye foleni. Nilikuwa na la kukuambia siku hiyo. Nilishika kile kipaza sauti, nikasikia wenzangu wanavyopumua upande wa pili, nikasema tu hali ya hewa ni nzuri.

Hapa pana chumba kimoja na stoo. Kitanda kiko ukutani upande wa mto. Mto haunyamazi, na sauti yake nimeizoea kiasi kwamba nikija nyumbani nadhani utanikuta nimekaa bafuni na bomba liko wazi. Nimeandika "nikija nyumbani." Sijui lini, lakini nimeiandika.

Tafuta kosa, wewe ni hodari. Ila usimwambie Mkuu bado. Akisikia nimefutika atapiga mstari juu yangu kwa kalamu ya wino.

Mumeo

*

Makao makuu
18 Februari

Baba Kitufe,

Nimelipata.

Nilianza kwa kuitafuta K17 kwenye faili lako, ikaonekana. Nikaiambia kompyuta ilinganishe K17 yako na K17 ya orodha yangu, ikakataa, ikasema hazifanani. Nikaziweka moja juu moja chini, nikazikodolea macho. Herufi moja, tarakimu mbili, pacha kabisa. Nilimwita jirani yangu wa meza ya pili, akasema ni pacha. Mwishowe nikaiamuru kompyuta inionyeshe hata alama zisizoonekana kwenye skrini, na hapo ukaumbuka. Kwenye orodha yangu, baada ya K17 hakuna kitu. Kwako, nyuma ya K17 pamejificha kitu kidogo, ^M, kwenye kila mstari, tangu siku ya kwanza. Kwa kompyuta hicho ni kituo kingine ambacho hakimo kwenye orodha. Aliyekuwa anabandika kwa mkono alikuwa hapati shida, kwa sababu yeye alitazama kwa macho, na macho hayaioni. Skripti yangu mimi, niliyoitunga kwa raha zangu, ndiyo iliyomfuta mume wangu.

Kosa si lako. Ni hiyo kompyuta yako kongwe, inaiweka yenyewe kila unaposhuka mstari. Zamani kwenye mashine za taipu, kabla ya kuanza mstari mpya ilibidi uisukume ile roli irudi mwanzo. Kompyuta zilipokuja, amri hiyo nayo ikapewa alama, alama ya kurudi. Mashine zimekufa, alama imebaki kwenye kompyuta za aina yako. Za hapa hazina habari nayo.

Kwa hiyo karibu miaka miwili mwisho wa kila mstari wako kulikuwa na neno la kurudi, nami silioni. Nilicheka peke yangu, jirani akageuka. Halafu sikucheka tena.

Na ile sheria yako ya mlango. Faili la mwezi likiunganishwa na la mwezi unaofuata, mstari wako wa mwisho unagandamana na wa kwanza wa jirani yake, unakuwa mstari mmoja mrefu usio na maana. Hata kama ile alama isingekuwepo, kila mwezi ungepoteza siku mbili. Kuanzia sasa malizia kwa kushuka mstari. Hakuna mwizi atakayeingia.

Dawa ya ile alama ni mstari mmoja wa maagizo:

tr -d '\r' < k17.txt > k17_safi.txt

Maana yake, futa alama ya kurudi popote ilipo, kilichobaki kiweke kwenye faili jipya, safi. Ukishabonyeza, unahesabu moja, kituo chako kimerudi kwenye jedwali na vipimo vyake vyote. Na miezi iliyogandamana nayo nina namna ya kuiachanisha.

Sijaandika huo mstari kwenye kompyuta. Nakuandikia wewe kwanza, na sasa nitakuambia kwa nini.

Jumatatu Mkuu alitukusanya. Alisema kituo ambacho hakitakuwa na namba kwenye jedwali la tarehe 25 Machi kitafungwa, na mpimaji wake atarudishwa makao makuu. Alisema hivyo akinitazama kwa huruma, maana anajua K17 ni nani wangu, na alishaiona ile safu tupu. Hakuna atakayekulaumu. Watasema kompyuta ilikuwa mbovu, na kweli ni mbovu. Utapewa meza humu ndani, pengine karibu na dirisha.

Nisipofanya chochote, unarudi nyumbani. Sihitaji kudanganya mtu. Nahitaji kunyamaza tu.

Na nikinyamaza, wahandisi watakisia mto wako kwa kutazama vituo vya chini, ambako maji yametanuka na kutulia, na daraja letu watalijenga chini kuliko linavyotakiwa kuwa. Hilo nalijua, usidhani silijui. Mimi na mtoto ndio tutakaolipita.

Ulikwenda kwa mwaka mmoja. Wakakuongezea, hukupinga. Sijawahi kukuuliza ulijisikiaje, na wewe hujawahi kusema. Usiku nikigeuka kitandani bado nakuachia nafasi, mwili umekataa kujifunza. Nimekukumbuka mpaka naona haya, mtu mzima mimi. Sasa nakuuliza waziwazi: faili lako nilisafishe au niliache kama lilivyo? Lori linaondoka kesho. Nijibu kwa lori hilo hilo.

Mkeo

*

Makao makuu
4 Machi

Baba Kitufe,

Lori lilirudi. Dereva alinipa mfuko wa nailoni, nikatoa flashi, nikaugeuza mfuko nje ndani. Nikamwuliza kama hakudondosha kitu njiani. Akasema hukumpa kingine. Ulimsaidia kushusha mapipa ya mafuta, ukamuuliza habari za watoto wake, ukaingia ndani. Alisema hayo akiangalia viatu vyake.

Nimekuuliza swali ambalo sijawahi kumwuliza mtu, ukanijibu kwa kina cha maji asubuhi na jioni. Nimeyasoma yote. Yamepanda kidogo, hongera.

Faili lako liko vilevile, sijaligusa. Tarehe haingoji mtu mwenye kigugumizi.

Chekechea waliambiwa wachore baba. Mwanao amechora lori. Mwalimu akamwuliza, mbona gari, baba yuko wapi. Akasema yumo ndani, hajashuka. Mwalimu aliniambia huku akicheka na mimi nikacheka naye, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya ukuta wa vyoo mpaka nikawa sawa.

Kama unautaka mto, sema unautaka mto. Nitaumia, nitapona, nitajua pa kuweka miguu. Lakini usininyamazie. Nimeishi karibu miaka miwili nikidhani unaniwaza, na hilo ndilo limenibeba, na sasa naanza kuona huenda nilijibeba mwenyewe.

Mama yako anakusalimu. Mimi bado sijaamua.

Mama Kitufe

*

Kituo cha Juu
6 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, lori halijazimwa injini. Dereva ameniona uso, ameamua kwenda kutazama matairi ambayo hayana tatizo.

Kwa lori lile la kwanza niliandika barua tatu. Zote zilisema jambo moja, na kila nilipoisoma niliona aibu nikaichana. Lori likataka kuondoka, mikono yangu mitupu, nikamuuliza Dereva habari za watoto kwa sababu sikuwa na jingine la kusema kwa sauti. Ukaona nimekunyamazia. Kumbe nilikuwa najibana.

Jambo lenyewe ni hili. Usilisafishe.

Niache nilivyofutika. Wafunge kituo, waje na kufuli, nitawashikia tochi. Unaniuliza nilijisikiaje waliponiongezea muda. Siku ile ilitangazwa redioni, na Mkuu akakuita mbele ya kipaza sauti akuulize kama familia haina pingamizi. Ukasema "sawa, hakuna shida," kwa sauti nyepesi, kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari. Nikajiambia, amezoea. Nikajiambia, nikipinga nitaonekana mtoto. Nikasema sawa na mimi. Tangu siku hiyo nimekaa hapa kwa ajili ya "sawa" yako.

Siutaki mto. Mto ni maji. Nayajua yalivyo asubuhi, nayajua yalivyo jioni, yanatosha. Namtaka mtoto wangu anayechora magari. Nataka kugombana na mama kuhusu mguu wake na yeye akatae kwenda kuutazamisha. Nataka uniambie nisogee, nimekubana kitandani.

Wahandisi ni wasomi, watakisia vizuri. Daraja litakuwa zuri tu. Nimeandika hivyo, nimetaka kufuta, nimeacha. Kunyamaza ulikosema, nyamaza. Nakuomba.

Nampa Dereva barua hii sasa hivi, kabla sijaichana.

Mumeo

*

Kituo cha Juu
12 Machi

Mke wangu,

Barua ya tarehe sita bado iko hapa mezani. Dereva alikwenda nayo mpaka kwenye kivuko cha kijito, akarudi nayo kabla jua halijazama. Barabara imekatika. Tangu siku hiyo tuko wawili, analala stoo, na anakoroma kuliko mto.

Mto umepanda. Naita redioni kila saa, nadhani unasikia. Ubao wa kipimo una urefu wa mita sita. Siku ya kwanza maji yaliulamba, siku ya pili yakaumeza wote, sasa sina ubao. Nilichobaki nacho ni ngazi. Nimezipanda na kuzishuka mpaka kimo cha kila moja nakijua kama meno yangu, kwa hiyo nimekuwa nikipima kwa kutazama ni ngazi ipi imezama. Leo mchana ilikuwa mita saba na nusu. Dereva alinishika kiunoni kwa kamba nilipokuwa nainama kuangalia, na alikuwa ananitukana muda wote, jambo lililonisaidia.

Nilipokuwa nimeinama hivyo, ulipita mti mzima. Mti wenye mizizi na majani, hata kiota kilikuwemo. Ulipita kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na sikuweza kuufuatisha kwa macho mpaka kwenye kona. Nikawaza kwamba kesho kutwa utakuwa kwenu. Nikawaona ninyi wawili mmesimama katikati ya daraja, mtoto anachungulia, anakuuliza kama haya ni ya baba.

Hakuna msomi atakayeikisia hiyo mita saba na nusu. Kwenye vituo vya chini maji yatakuwa yametandaa kwenye mashamba, ubao utasoma mita nne, wataona ni masika ya kawaida. Aliyeiona ni mimi na mtu mmoja anayekoroma.

Lisafishe. Kama tarehe haijapita, lisafishe, na namba za wiki hii ziingie. Nimeziweka kwenye flashi, na mstari wa mwisho nimeumalizia kwa kushuka kama ulivyonielekeza.

Barua ya kwanza nimeiweka ndani ya bahasha hii hii. Nilikuwa na muda mwingi wa kuichana, na moto upo. Nimeiacha kwa sababu kila nilichosema mle ni kweli, na nataka uwe nayo. Hii nayo ni kweli. Sijui mtu anakaaje na zote mbili kifuani. Wewe una akili kuliko mimi, ukijua uniambie.

Baba Kitufe

*

Makao makuu
26 Machi

Mume wangu,

Bahasha yako ilifika tarehe ishirini, ina tope, ina alama ya kikombe cha chai cha Dereva. Nilisoma ya kwanza nikiwa nimesimama uani, nikakaa chini kwenye zege. Halafu nikasoma ya pili.

Nilikusikia redioni. Siku zile zote chumba cha redio kilijaa watu, polisi, watu wa uokoaji, Mkuu amekunja suruali kama kwamba maji yamefika ofisini. Mimi nilijibanza kwenye kona karibu na spika. Kila saa unasema, Kituo cha Juu, mita sita nukta nane. Kituo cha Juu, mita saba nukta moja. Wenzangu walikuwa wanaandika namba. Mimi nilikuwa nasikiliza kama sauti imekauka, kama umekula, kama kuna mtu karibu yako. Ulipochelewa saa moja nilishika mkono wa mtu nisiyemjua. Daraja walilifunga kwa sababu yako kabla mti ule haujafika. Ulipofika uling'oa nguzo mbili, na hakuna mtu aliyekuwa juu yake.

Ile "sawa" sasa. Vituo vyote vilikuwa vinasikiliza. Mkuu alikuwa amesimama hapa, bega lake limenigusa, na kalamu mkononi. Ulitaka niseme nini, baba watu? Nilisema sawa, nikakata, nikaenda kukaa kwenye chumba cha karatasi mpaka mtu wa usafi akanitoa. Nilijiambia, sasa atapinga yeye. Nikakusikia nawe unasema sawa, kwa sauti ya mwanamume mwenye mambo mengi. Nilikaa hapa kwa ajili ya "sawa" yako. Tumefanyiana ujinga wa hali ya juu, na sina wa kumlaumu kwa sababu wajinga wenyewe tuko wawili.

Jana jedwali limekwenda kwa wahandisi. Safu ya K17 imejaa kutoka juu mpaka chini, pamoja na mita saba na nusu yako. Leo asubuhi wamepiga simu kuuliza kama namba hiyo si kosa la kuandika. Nikawaambia aliyeiandika alikuwa ananing'inia kwenye kamba wakati anaisoma. Kwenye mchoro wao wamelipandisha daraja jipya kwa mita moja na zaidi. Mkuu nimemweleza kwamba kosa lilikuwa kwenye skripti yangu, siyo kwako. Akasema vizuri sana, basi Kituo cha Juu kinabaki, tena ni muhimu. Nikamwomba akutafutie mtu wa kupokezana naye. Akasema ataangalia. Unajua Mkuu akisema ataangalia, macho yake yanakuwa yameshafika kwenye jambo jingine. Nitamwomba tena Jumatatu, na Jumatatu nyingine.

Likizo yangu ni Juni. Nimemwuliza Dereva kama mbele pana nafasi ya watu wawili. Akasema pana nafasi ya mtu mmoja na nusu, nikamwambia inatutosha.

Umeniuliza mtu anakaaje na zote mbili kifuani. Sijui, lakini nimekaa nazo muda mrefu kuliko wewe. Nilikuandikia kwamba faili liko vilevile, sijaligusa. Nilikudanganya. Lilikuwa limeshakuwa safi. Siku ile lori lilipoondoka na swali langu, kabla vumbi halijatua getini, nilirudi kwenye kiti nikaandika ule mstari mmoja, nikabonyeza, nikaona kituo chako kinajaa namba mpaka chini. Nikayafunga macho.

Kwa hiyo ruhusa yako sikuwa naihitaji. Hasira yote ile ilikuwa ya kitu kingine. Nilitaka uniambie unataka kurudi, hata kama haiwezekani, hata kama mambo yameshakwisha. Sasa umeniambia. Barua yako ya kwanza iko ndani ya blauzi yangu, nayo inanichoma kwa sababu karatasi ina kona.

Utajiuliza kwa nini nilikuuliza swali kisha sikungoja jibu. Nami nimejiuliza. Nilikuwa naogopa, mume wangu. Sikuogopa uniambie nilisafishe. Niliogopa uniambie niliache, kwa sababu ningeliacha.

Mkeo